Anayemdai Marehemu Ajitokeze



Leo nataka tuzungumzie ubishi wa mashabiki ambao kila ukidhani umekwisha, huibuka upya. Taja jina la Diego Maradona mahali popote penye watu watatu wanaopenda mpira, halafu usikilize. Wa kwanza atakuambia hajazaliwa mwingine kama yeye. Wa pili atamkatiza: mtumia kokeni yule, mfunga goli la mkono, mtu aliyemkana mwanawe wa kumzaa. Wa tatu, anayejiona mpatanishi, atawataka wote wawili watulie: mpira ni mpira, maisha ya mtu ni yake, tena marehemu hasemwi vibaya. Hapo ndipo sauti zinapopanda, na mwisho wa yote kila mmoja huondoka na lake.

Maradona alifariki tarehe 25 Novemba 2020, akiwa na umri wa miaka 60, katika nyumba ya kupanga huko Tigre, nje kidogo ya Buenos Aires. Tangu siku hiyo ubishi umezidi kupamba moto. Sina nia ya kuuzima. Ninachotaka ni tubishane vizuri zaidi, kwa sababu jinsi tunavyomjadili Maradona ndivyo tunavyowajadili wachezaji wetu wa hapa nyumbani waliotundika daluga, pale kashfa inapowafuata.

Tuanze na mapenzi, maana asiyeyaelewa mapenzi haya hawezi kuuelewa ubishi wenyewe.

Maradona alikulia Villa Fiorito, mtaa wa watu maskini pembezoni mwa Buenos Aires. Wazazi wake walikuwa na watoto wanane, na yeye alikuwa mvulana wa kwanza baada ya mabinti wanne. Alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu na Argentinos Juniors tarehe 20 Oktoba 1976, zikiwa zimebaki siku kumi tu atimize miaka 16. Kuanzia hapo mzigo wa familia nzima ukahamia kwenye mguu wake wa kushoto, na baadaye mzigo wa nchi.

Kisha ikaja Napoli. Tarehe 5 Julai 1984, zaidi ya watu elfu sabini waliingia kwenye uwanja wa San Paolo, na hapakuwa na mechi. Walikuja kumwona mtu mmoja akipiga danadana na kuwapungia mkono. Timu yao haikuwa imewahi kuchukua ubingwa wa Italia hata mara moja. Walipokwenda kucheza miji ya kaskazini, kule Milano, Torino na Verona, watu wa Napoli walizomewa kwa ugonjwa wa kipindupindu uliowahi kuupiga mji wao mwaka 1973, na kwa tetemeko la ardhi la mwaka 1980. Waliambiwa ni wachafu, waliambiwa si Waitalia kamili. Akaja mfupi huyu wa Villa Fiorito, naye akijua vizuri maana ya kudharauliwa. Mei 1987 Napoli ikawa bingwa wa Italia kwa mara ya kwanza. Mwaka 1989 ikachukua Kombe la UEFA. Mwaka 1990 ikarudia ubingwa. Aisifuye mvua imemnyea, msikilizaji. Mtu wa Napoli akikuambia Maradona alimrudishia heshima yake, usimcheke. Yeye alikuwepo.

Na huku kwetu? Mwaka 1986, wakati wa Kombe la Dunia la Mexico, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994. Kwa hiyo wengi wetu tulimpokea Maradona kwa masikio kabla ya kumpokea kwa macho: kupitia redio, magazeti, na masimulizi ya waliobahatika kuona mkanda wa video. Mtoto aliyejua kupiga chenga mtaani aliitwa Maradona, na jina hilo lilimganda mpaka akawa na wajukuu. Mapenzi yaliyojengwa hivyo hayavunjwi kwa habari moja ya gazetini.

Sasa tuje kwenye kashfa. Kosa kubwa tunalofanya katika ubishi huu ni kuzitia kashfa zote kwenye kapu moja. Anayempinga huzimwaga zote kwa pamoja: mkono, kokeni, kodi, watoto, wanawake. Anayemtetea naye huzifuta zote kwa mkupuo mmoja: aah, kila mtu ana mapungufu yake. Wote wawili wanakosea. Hebu tuzitoe kapuni moja moja.

La kwanza ni goli la mkono. Tarehe 22 Juni 1986, uwanja wa Azteca, Argentina dhidi ya Uingereza, robo fainali. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu nchi hizo mbili zipigane vita vya visiwa vya Falkland, ambavyo Waargentina huviita Malvinas. Dakika ya 51 mpira unapanda juu, golikipa Peter Shilton anatoka kuudaka, Maradona anaruka na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa kushoto. Mwamuzi Ali Bennaceur wa Tunisia anamtazama mshika kibendera wake, mshika kibendera hanyanyui kitu, goli linakubaliwa. Dakika nne baadaye Maradona anaupokea mpira akiwa bado nusu ya uwanja wake, anageuka, anawapita Waingereza mmoja baada ya mwingine kama wamepigwa misumari ardhini, anamzunguka na Shilton mwenyewe, anafunga. Mwaka 2002 mashabiki waliopiga kura ya FIFA walilichagua goli hilo la pili kuwa bora kuliko yote yaliyowahi kufungwa katika Kombe la Dunia.

Lile la mkono lilikuwa udanganyifu, na baadaye mwenyewe alikiri. Lakini tazama kilichofuata miaka mingi mbele. Mwaka 2015 Maradona alikwenda Tunisia, akafika mpaka nyumbani kwa Ali Bennaceur. Fikiria mzee yule, mwamuzi ambaye jina lake dunia nzima inalitaja kwa kosa moja, akimfungulia mlango mtu aliyemponza. Maradona alimpa jezi ya Argentina aliyoitia saini, na humo alimwita rafiki yake wa milele. Bennaceur akaipokea. Peter Shilton upande wake hakuipata jezi ya namna hiyo, wala hakupata pole. Maradona alipofariki, Shilton alisema waziwazi kuwa mtu yule alikuwa na ukubwa wa kipaji lakini hakuwa na uungwana wa michezo, na kwamba hakuwahi kuomba radhi.

Nataka ulishike hilo vizuri. Tukio ni moja, waliokosewa ni wawili, na kila mmoja alikuwa na jibu lake. Bennaceur hakuwa na uwezo wa kusamehe kwa niaba ya Shilton, na Shilton hakuwa na haki ya kumzuia Bennaceur kusamehe. Nasi tuliokuwa tumekaa mbali, tena mbali sana, tulikuwa na haki gani ya kusema limekwisha?

La pili ni dawa za kulevya. Mwenyewe alisema alianza kokeni akiwa Barcelona, mwanzoni mwa miaka ya themanini, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Machi 1991, baada ya mechi ya Napoli na Bari, vipimo vikaonyesha kokeni na akafungiwa miezi 15. Mji uliompokea kwa umati wa elfu sabini haukumsindikiza alipoondoka. Mwaka 1994, Kombe la Dunia la Marekani, aliifunga Ugiriki goli safi, kisha tarehe 25 Juni akacheza na Nigeria na Argentina ikashinda 2 kwa 1. Filimbi ya mwisho ilipolia, muuguzi aliyevaa nguo nyeupe aliingia uwanjani, akamshika mkono, wakatoka pamoja kwenda kwenye vipimo, naye akitabasamu. Majibu yalionyesha efedrini. Hakucheza tena mechi hata moja ya Kombe la Dunia.

Efedrini iliwahusu wapinzani wake, kwa hiyo adhabu ilikuwa halali. Lakini ile kokeni, mtu wa kwanza kuangamizwa nayo alikuwa yeye mwenyewe. Nashangaa tunapolitaja hili kwa kejeli zaidi kuliko yote, wakati ndilo lililostahili huruma zaidi. Huku kwetu tunawajua vijana walioanza kwa kuonjeshwa na wenzao wakaishia barazani wakisinzia. Tunawajua kwa majina, tunawajua mama zao. Hatuwaiti wahalifu wakubwa, tunawaombea wapate tiba. Maradona naye alikuwa mgonjwa aliyekuwa na fedha nyingi, na fedha haikumsaidia kupona. Kila aliyemzunguka alihitaji acheze Jumapili.

La tatu ni kodi. Kwa miaka mingi serikali ya Italia ilimdai mamilioni ya yuro. Kila alipokanyaga Italia, maofisa walimsubiri. Mwaka 2009 walimfuata hadi kliniki aliyokuwa amelazwa apunguze uzito, wakamvua hereni zake ziwe sehemu ya malipo. Magazeti yalichapisha, mashabiki wa timu pinzani walicheka, na ikawa kawaida kumwita mkwepa kodi. Januari 2024, zaidi ya miaka mitatu tangu azikwe, mahakama ya juu ya Italia ikamsafisha. Hilo liwe somo kwa kila anayependa kuhukumu mapema. Yupo mtu aliyekufa akiitwa mwizi kwa jambo ambalo mahakama baadaye ilisema halikuwa hivyo. Ukisikia tuhuma, isikilize, ipe uzito wake, lakini usiigonge muhuri kabla ya wenye kazi ya kugonga muhuri.

La nne ni watoto. Septemba 1986, miezi mitatu hivi baada ya Kombe la Dunia, alizaliwa mtoto wa kiume mjini Napoli. Mama yake, mwenyeji wa mji huo, alisema baba ni Maradona na akampa mtoto jina la baba yake. Maradona akakana. Mahakama ya Italia ikaamua kuwa mtoto ni wake; akaendelea kukaa naye mbali. Kijana yule akakua katika mji ambao sura ya baba yake imechorwa ukutani na kupambwa kwa mishumaa kama mtakatifu. Kila dirisha lilikuwa na picha ya baba, nyumbani baba hayupo. Mwaka 2003, akiwa na miaka 16, alisikia baba yake yuko Fiuggi anacheza gofu. Alikwenda, akapenya hadi ndani ya uwanja wa gofu, akamkabili na kuzungumza naye. Ikabidi ipite miaka mingine kumi na zaidi, hadi 2016, ndipo Maradona alipomkumbatia hadharani na kumwita mwanawe.

La tano ni wanawake, na hapa ndipo sauti nyingi kijiweni hushuka ghafla. Mwaka 2014 ulisambaa mkanda wa video ukimwonyesha akimfokea mwenzi wake, na kuonekana kama anampiga. Alikubali kwamba alitupa simu, akakana kumpiga. Novemba 2021, mwanamke mmoja kutoka Cuba alisimama mbele ya waandishi wa habari Buenos Aires. Alieleza kwamba alikutana na Maradona akiwa binti wa miaka 16, wakati Maradona, mwenye umri wa miaka 40 hivi, alikuwa Cuba kwa matibabu. Alisema alimbaka, na kwamba kwake ndiko alikoanzia dawa za kulevya. Hayo ni madai. Maradona alikuwa amekwisha kufa na hakuweza kuyajibu, na watu waliokuwa karibu naye waliyakanusha. Nimekwisha kusema tusigonge muhuri, nami siugongi. Lakini kutogonga muhuri hakumaanishi kumziba mtu mdomo.

Sasa, msikilizaji, tuzitazame hoja za watetezi, maana ziko tatu na tunazisikia kila siku.

Ya kwanza inatoka kwa Maradona mwenyewe. Novemba 2001, siku ya mechi yake ya kuagwa katika uwanja wa Boca Juniors, alisimama mbele ya umati uliokuwa ukilia na kusema kwamba yeye amekosea na amelipa, lakini mpira hauingii doa. Maneno yale yameandikwa kwenye kuta na fulana duniani kote. Mimi nayakubali, lakini nusu yake. Ni kweli mpira hauingii doa. Goli lile la pili la Azteca litabaki zuri hata tukijua nini kuhusu aliyelifunga. Ila alipotamka kwamba amelipa, lazima tuulize: amemlipa nani? Aliilipa FIFA kwa miezi aliyofungiwa. Alijilipa mwenyewe kwa moyo wake uliochoka mapema. Yule kijana wa Napoli, wakati huo akiwa na miaka 15, alikuwa bado hajalipwa chochote.

Hoja ya pili: wote wako hivyo. Kwa nini Maradona tu? Hapa watetezi wana ukweli mkononi, na wapinzani wanapaswa kuukubali. Kwa miaka mingi Pelé aliwekwa upande wa pili wa mizani kama mfano wa mtu msafi, mwenye suti na tabasamu, mtu wa kukaribishwa ikulu. Lakini Pelé pia alikuwa na binti, Sandra, aliyehangaika mahakamani hadi vipimo vya DNA vikathibitisha na mahakama ikaamua kuwa ni mwanawe. Hata baada ya hapo alimweka mbali. Sandra alifariki kwa saratani mwaka 2006, na baba yake hakuhudhuria mazishi. Jambo ni lilelile, machozi ni yaleyale, lakini mmoja sifa yake ilibaki safi na mwingine ikachafuka. Kwa hiyo nakubali kwamba sifa za wachezaji hatuzipimi kwa haki. Tunazipima kwa suti, kwa jezi, kwa nchi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: akiwa wetu tunamtetea, akiwa wa watani tunamzika. Mtu wa Simba na mtu wa Yanga wanalijua hili bila kufundishwa. Lakini jibu la upendeleo huo ni kumsikiliza na Sandra pia. Kutowasikiliza wote wawili hakuwi haki kwa sababu tu ni sawa kwa wote.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kwetu sisi: marehemu hasemwi vibaya. Mila hii ni nzuri na mimi nimelelewa nayo. Tunamfunika maiti, tunamfichia aibu, tunamwombea. Lakini hebu tukumbuke kinachofanyika msibani kwetu, hasa huku pwani. Kabla maiti hajaswaliwa, au kabla jeneza halijaondoka, husimama mtu wa familia mbele ya waombolezaji wote. Anatangaza: kama kuna mtu anayemdai marehemu, ajitokeze, aje amwone fulani. Na kama kuna aliyekosewa naye, tunamwomba amsamehe. Hayo husemwa kwa sauti, mbele ya watoto wa marehemu, siku yenye uchungu kuliko zote. Sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba marehemu ametukanwa. Kinyume chake, tunaona familia imemstahi mzee wao, kwa sababu haikutaka aende na deni la mtu.

Na ukiangalia utaratibu ule kwa makini, una mambo mawili ndani yake. Kwanza, deni haliondolewi kwa wingi wa waliokuja kuzika. Hata waje elfu kumi, hata alikuwa imamu au mwenyekiti wa mtaa, anayedai shilingi elfu ishirini bado anadai elfu ishirini. Pili, anayesamehe ni yule anayedai. Mimi niliyekaa safu ya tatu siwezi kunyanyua mkono na kusema tumesamehe deni la jirani yangu.

Hapo ndipo ninaposimama mimi katika ubishi huu. Shabiki hana msamaha wa kutoa kwa makosa ambayo hakutendewa yeye. Ana shukrani ya kutoa, na aitoe kwa moyo wote, maana furaha aliyopewa ni yake kweli. Mtu wa Napoli ana haki ya kuwasha mshumaa wake. Muargentina ana haki ya kulia. Lakini furaha yangu mimi haiwezi kuwa malipo ya machozi ya mtu mwingine.

Siku ile Maradona alipofariki, rais wa Argentina alitangaza siku tatu za maombolezo. Kesho yake jeneza likawekwa ikulu, na watu wakapanga foleni ndefu, wengine wakitupa jezi zao juu ya jeneza, wengine wakiinua watoto waone. Lakini tarehe 25 Novemba pia ni siku ya kimataifa ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake. Kwa hiyo wanawake wa Argentina waliokuwa wamejiandaa kuikumbuka siku hiyo walijikuta wamegawanyika. Wapo waliolia, kwa sababu ni mtu wa mtaa wao, mtu wa maskini, aliyewapa wazazi wao furaha. Wapo waliosema hawawezi kumlilia mtu wa namna hiyo. Ubishi ukazuka ndani ya harakati zenyewe, kati ya marafiki, kati ya mama na binti. Nadhani ule ulikuwa ubishi wa kweli kuliko wetu wa kijiweni, kwa sababu kila upande ulikuwa na kitu cha kupoteza.

Siku chache baadaye, huko Uhispania, timu mbili za wanawake zilijipanga mstari kabla ya mechi ya kirafiki ili zikae kimya dakika moja kumkumbuka Maradona. Mchezaji mmoja, Paula Dapena, alikaa chini kwenye nyasi na kuugeuzia mstari mgongo. Wenzake wamesimama wameinamisha vichwa, yeye amekaa peke yake anatazama upande mwingine. Alieleza kwamba siku chache kabla, waathirika wa ukatili hawakupewa dakika yao, na yeye hakuwa tayari kuitoa kwa anayetuhumiwa kuutenda. Hakumtukana mtu. Hakumzuia mwenzake kusimama. Malipo yake yakawa vitisho vya kuuawa.

Hebu tujiulize, msikilizaji. Shabiki anayemtishia binti wa miaka ishirini na kitu kwa sababu amekaa chini anamtetea nani? Maradona hakuhitaji ulinzi huo. Mabao yake yako pale pale. Anayetishia anajitetea mwenyewe, kwa sababu anaogopa kwamba akimsikiliza yule binti, furaha yake ya mwaka 1986 itaharibika. Napenda nimwambie kwamba haitaharibika. Furaha inayoweza kuvunjwa na mtu mmoja aliyekaa chini ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, na furaha ya lile goli si dhaifu.

Naomba pia nizungumze na upande wa pili, wale wanaofurahia kashfa. Wapo mashabiki ambao hawajawahi kumjali mwanamke aliyepigwa hata katika nyumba ya tatu kutoka kwao, lakini ikitajwa habari ya Maradona huwa mawakili wa wanawake wote duniani, ili tu mchezaji wao ashinde ubishi. Kesho ikitokea kashfa ya mchezaji wao, hutawasikia. Huko ni kumtumia aliyeumizwa kama tofali la kurushia watani. Kama kweli linakuuma, likuume hata anapotajwa mchezaji wako.

Sasa tufanyeje? Napendekeza mambo matatu, mepesi kuyasema, magumu kuyafanya.

Ukisikia kashfa ya mchezaji, wa Argentina au wa mtaani kwako, uliza kwanza: aliyeumizwa ni nani? Kama aliyeumizwa ni mchezaji mwenyewe, mpe huruma na msaada wakati bado yu hai, maana wengi wa nyota wetu wa zamani wanaugulia vyumbani wakati sisi tunabishana kuhusu mabao yao. Kama aliyeumizwa ni mchezo, kanuni zipo na adhabu zipo, zikishatumika tuyaache. Kama aliyeumizwa ni mtu, mtoto, mke, binti, jirani, basi tunyamaze yeye aseme, na vyombo vya sheria vifanye kazi yake bila kelele zetu.

Pili, tusidai mchezaji awe mtakatifu ndipo tukubali kipaji chake, wala tusikifanye kipaji chake kuwa cheti cha utakatifu. Uwanja wa San Paolo siku hizi unaitwa Diego Armando Maradona, jina alilopewa siku chache baada ya kifo chake. Kwangu mimi jina hilo ni halali, kwa sababu ni kumbukumbu ya alichofanya pale uwanjani, kwa watu wale. Liishie hapo hapo uwanjani.

Na tatu, hili nawaambia hasa wanaume wenzangu, maana vijiwe vingi vya mpira ni vyetu. Siku hizi mabinti zetu wanacheza mpira. Wanakaa nasi mbele ya televisheni, wanajua namba za jezi, wanabishana. Wanasikia tunavyocheka tunapofika kwenye lile kosa la tano. Wanasikia tunavyosema mambo ya wanawake yasiharibu mpira. Kutokana na kicheko kile wanajifunza kama siku moja wakiumizwa na mtu mwenye jina kubwa, sisi tutakuwa upande gani. Basi tuzungumze tukijua kwamba wanatusikia, na tuzungumze kwa namna ambayo binti yako akipatwa na la kumpata, wewe ndiye atakayekuwa mtu wa kwanza kumkimbilia.

Mimi nitaendelea kulitazama goli lile la pili kila linapoonyeshwa, na nitaendelea kumsifu aliyelifunga. Na anayemdai, nitampisha apite mbele.